Mwache Amalize Hatua

Mimi nilikuwa napika uji. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa kwenye nasari ya kanisa pale Ruring'u, miaka ile baada ya Uhuru ambapo kila mtaa ulitaka nasari yake na kila mzazi alitaka mtoto wake aje kuwa daktari. Jina langu ni Monicah, lakini watoto waliniita Mama Uji, na sikuona ubaya. Ubaya nilikuwa nauona kwa mwalimu wao.

Mwalimu Magdaline. Jamani, mwanamke yule. Alizaliwa huko Othaya, na mama yake alikuwa akimlaza chini ya mibuni akienda kuchuma kahawa. Nadhani ndiyo sababu hakuwahi kuamka kutoka pale chini. Walimu wengine walisimama mbele ya ubao na kiboko. Yeye alifundisha akiwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, sketi imejaa matope, watoto wamemzunguka, wote wanaangalia siafu wakihama. Ukimuuliza anafanya nini, anakunyamazisha kwa kidole.

"Mama Uji," aliniambia siku moja nilipochukua ufagio, "huyo buibui wa dirishani usimguse. Watoto hawajamaliza naye."

"Mwalimu, wageni watasema mimi ni mchafu."

"Waambie ni wangu."

Nikamwacha. Buibui yule alinenepa kwa nzi waliofuata uji wangu, na watoto wakajua anafunga mawindo yake vipi kabla hawajajua kuandika a, e, i, o, u. Kila mara mama fulani alinijia jikoni na sare mkononi ili anionyeshe matope, ati mimi ndiye niliyemlaza mtoto wake chini. Nilikuwa namtetea mwalimu mbele yao, halafu wakiondoka namgombeza mwenyewe. Alikuwa ananisikiliza, anacheka, anarudi nje. Nilimpenda, nasema wazi, lakini alikuwa ananichosha.

Sasa njoo kwenye ua. Kanisa lilizungukwa na kayaba, ule mmea wa miiba mirefu ambao hata mbuzi anafikiria mara mbili. Ndani ya kayaba hiyo alikaa kinyonga.

Kwetu Wagikuyu kinyonga si wa kuchezea. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba Mungu alimtuma na habari kuwa watu hawatakufa. Akafika, akafungua mdomo, akaanza, "Nimetumwa ni-ni-nise...", akagugumiza hapo hapo mpaka ndege akampita na kusema watakufa. Basi tunakufa. Tukaambiwa tena kwamba mwanamke mwenye mimba akimwona, atazaa mtoto mwenye kigugumizi. Mimi mwenyewe nilipomwona pale nilijitemea mate kifuani kuondoa mkosi, nikarudi jikoni kinyumenyume.

Magdaline alifurahi utadhani amepata mgeni kutoka kwao. Aliwaketisha watoto mbali kidogo na ua, akaweka sheria. Hakuna kumgusa, hakuna kumrushia jiwe. Na akiinua mguu, akaanza kuyumba mbele na nyuma kama anavyofanya kinyonga, hakuna kusema wala kujitikisa.

"Mwacheni amalize hatua," akanong'ona.

Hayo maneno yakawa ya nasari nzima. Mtoto akichelewa kufunga kamba za viatu, wenzake wananong'ona, "Mwache amalize hatua." Uji wangu ukichelewa, nasikia dirishani, "Mwacheni Mama Uji amalize hatua." Watundu wale. Kinyonga wakampa jina Shosho, yaani nyanya, kwa sababu alitembea kama nyanya anayetafuta fimbo yake. Nyumbani kila mtu alikuwa na lugha yake, maana tulikuwa na watoto wa Kimeru, na mmoja baba yake alitoka Doldol, lakini nasari tuliongea Kiswahili, na Shosho alikuwa Shosho kwa wote.

Kati ya watoto hao alikuwepo Watiri, binti ya Muriithi, makanika wa mjini. Watiri alikuwa na kigugumizi. Baba yake alimpenda sana, tatizo ni kwamba hakuweza kumngoja. Mtoto akisema, "Ma-ma-ma...", Muriithi anaruka, "Maji? Mama Watiri, mpe maji." Mtoto anakunywa maji, kumbe alitaka mandazi. Yaani mtoto alikunywa maji mengi nyumba ile. Mwishowe akaona afadhali anyamaze. Alipoletwa kwetu hakutoa neno, hata la kuomba kwenda choo.

Lakini kwenye kayaba alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Asubuhi moja napeleka uji, nikamkuta amelala chini kando ya mwalimu, wawili peke yao. Nikamsikia. "A-a-ana ma-macho ya kwe-kwe-kwenda ka-kando." Magdaline hakumsaidia hata herufi moja. Hakumtazama hata usoni, macho yake yalibaki kwa kinyonga. Alingoja neno la mwisho litoke, kisha akasema, "Kweli. Na jicho jingine linakutazama wewe." Nilisimama na vikombe mpaka uji ukapoa.

Tangu siku hiyo Watiri akawa anaongea. Kwa kugugumiza, ndiyo, lakini anaongea. Na kwa vile alianza kuongea, akaongea na nyumbani, akataja kinyonga. Ndipo kasheshe ikaanza.

Muriithi alikuja na ovaroli yake ya mafuta. "Mwalimu, mtoto yangu iko na kigugumizi, na wewe unamlaza mbele ya kinyonga? Ati asome nini? Unataka asipone kabisa?"

"Baba Watiri, hakukipata kwa kinyonga."

"Mama yake alimwona kinyonga kwa shamba, mimba ikiwa kubwa. Usiniambie. Jumamosi kamati inakaa, na nikitoka hapo ninamtoa. Ataenda Othaya kwa shangazi yake achunge mbuzi."

Akaenda. Magdaline alikuja jikoni, akaketi juu ya gunia langu la unga, akalia. Nilidhani analilia kazi, maana wazazi wengine nao walikuwa wameanza kunung'unika. Akatikisa kichwa.

"Kazi nitapata, Monicah. Lakini huyu akienda kwa mbuzi atanyamaza tena, na safari hii hatafungua mdomo."

Nilimpa uji.

Jumamosi wazazi wakajaa kanisani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Theuri, mtu mpole anayeweka kofia yake juu ya goti na kuipapasa akifikiri. Watoto tuliwaacha nje wacheze. Wakasema wa sabuni inayoishia kwenye sare, wakasema wa matope, wakasema wa buibui, hapo nikainama. Kisha Muriithi akasimama. Alikuwa amevaa koti la kanisa.

"Mimi nimechoka," akasema. "Hata mama yangu mzazi hana amani. Presha imepanda kwa sababu ya hii maneno, nimemwacha kitandani. Mtoto ninamtoa leo."

Theuri akamgeukia Magdaline. "Mwalimu, una la kusema?"

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Watiri, anahema, miiba imemchana mkono, na watoto wote nyuma yake. Akamtazama baba yake moja kwa moja.

"Sho-sho-shosho," akaanza. "Shosho a-a-ame... amez... amez..."

"Amezimia!" Muriithi akaruka. "Mama amezimia!"

Hapo kanisa likapinduka. Wanawake mikono kichwani, viti vikaanguka, Theuri anatafuta kofia ambayo iko mkononi mwake. Mtu akasema aitwe mwenye gari. Muriithi alivua koti ili akimbie vizuri, likamnasa mkono mmoja. Na Watiri katikati yetu anatikisa kichwa, hapana, hapana, machozi yanamtoka, na hakuna anayemwangalia.

Kisha tukasikia mnong'ono. Ulitoka mlangoni. Watoto wote walikuwa wamesimama pale, vidole midomoni, kama wanavyofanya kwenye kayaba.

"Mwacheni amalize hatua."

Sijui kwa nini tuliwatii. Labda ni kwa vile hawakupiga kelele. Tulisimama kila mtu alipofikia, Muriithi na koti lake linaning'inia. Watiri akafuta pua. Akayumba mbele, akayumba nyuma.

"A-a-amezaa."

Theuri akamtazama Muriithi. "Mama yako? Huyo wa presha?"

Mimi nilicheka mpaka nikaketi sakafuni, na sitaomba msamaha. Magdaline peke yake hakucheka. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, "Wako wangapi?"

"We-we-wengi. Ha-hakutaga ma-mayai. Wa-wanatoka wa-wakitembea." Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema mbele ya watu, na yalichukua muda wake, na kanisa zima lilingoja. Hata baba yake alingoja, kwa sababu bado hakujua mama yake yuko salama au vipi.

Ikabidi nimweleze mimi Shosho ni nani. Tukatoka wote. Kwenye kayaba, kati ya miiba, vilikuwepo vinyonga vidogo kama njiti za kiberiti, kila kimoja kimeinua mguu kinafikiria. Mama yao alikuwa tawi la juu, amechoka. Hakuna aliyetema mate kifuani. Mimi nilitaka, lakini mikono ya watoto wawili ilikuwa imenishika. Theuri alivua kofia.

"Leo mjumbe amefikisha habari," akasema. Alikuwa akimwangalia Watiri.

Kikao hakikurudi ndani. Watu walitawanyika wakichekeana, wengine wakimwuliza Muriithi kama atafanya sherehe ya mtoto wa mama yake. Yeye alimshika Watiri mkono, wakaelekea getini, na Magdaline akabaki kwenye ua anawatazama migongo. Alikuwa amefunga mikono kifuani kwa nguvu. Mimi nilikuwa naosha sufuria karibu na geti, nikaona yote.

Watiri alisimama. "Ba-baba. Ju-Ju-Ju..."

Muriithi akafungua mdomo. Nililiona neno pale kwenye ulimi wake, tayari, Jumapili au sijui nini. Akalimeza. Akachuchumaa barabarani na koti lake la kanisa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Baiskeli ikaja, ikapiga kengele, ikawazunguka na kupita. Hakugeuka.

"Ju-Ju-Jumatatu ni-ni-nije?"

"Uje," akasema.