Waliimba Wakidhani Mtoto Anapona

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi, na pengine ndiyo maana ulimganda: binti wa muuza mkaa amepona kifafa, na hajameza kidonge hata kimoja.

Anayeusimulia leo ni mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Mama Pasi. Ni asubuhi, jua bado halijauruka ukuta wa jirani. Amesimama nyuma ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, mkononi ana pasi ya mkaa yenye kijogoo cha chuma mbele, cha kufungia kifuniko. Anaipunga huku na huku mpaka mkaa ushike, majivu yanaruka. Analowesha ncha ya kidole kwa mate, anagusa chuma upesi. Chuma kinalia kidogo.

"Bado," anasema. "Shati jeupe halitaki haraka. Ukiharakisha linakuachia alama ya kahawia mgongoni, na mwenyewe lazima aione tu."

Kwenye kamba nyuma yake zinaning'inia sare za wauguzi, mashati ya ofisini na majoho ya kwaya. Siku ikiwa njema nguo arobaini hupita chini ya pasi hiyo. Siku ikiwa mbaya hupita tano, na maneno ya wapita njia.

Kati ya meza na mlango kuna benchi. Upande wa pili wa benchi ameketi binti yake wa miaka kumi na minne, ambaye hana ruhusa ya kuvuka kuja penye moto. Anakunja taulo kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichopewa akishike.

Wanamwita Kasuku. Jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Alikuwa mtoto wa kumhoji mteja mpaka mteja asahau alichokuja kuchukua. "Alikuwa anaongea mpaka usingizini," anasema mama. "Nikawa namwambia, hebu wewe, waachie na wenzako maneno mawili ya kusema."

Sasa ukimsalimu, unangoja. Midomo inajiandaa, macho yanakwenda pembeni kulitafuta neno. Neno hufika, ila huwa limechelewa, na mgeni mara nyingi huwa ameshageuka.

Kifafa kilimwanza akiwa na miaka sita. Alianguka kanisani, katikati ya watoto wenzake, na tangu siku hiyo mama yake hakuacha kuomba. Aliomba kwa magoti. Aliomba akiwa amesimama mezani, kila nguo na ombi lake, mpaka akawa anajua kwamba suruali ya marinda inatosha sala ndefu na leso haitoshi hata "Amina".

"Nimeomba kwa upole, nimeomba kwa hasira," anasema. "Kuna siku nilimwambia Mungu, mimi nguo ya mtu sikai nayo wiki mbili. Wewe mwanangu umekaa naye miaka."

Kliniki walimpa vidonge vya asubuhi na jioni. Vilisaidia. Mwezi mzima uliweza kupita bila mtoto kuanguka. Lakini kupungua si kupona, na Mama Pasi alikuwa akiomba kupona. Kila alipompa kidonge aliona kama anajibiwa: bado.

Ndipo wifi yake alipoingia na ule uvumi.

Wifi huyu, dada wa mume, ni mwanamke wa maneno na moyo mzuri. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Wifi, wewe endelea kunyoosha mashati ya watu. Wenzako wameshanyooshewa mambo yao."

"Nani tena?"

"Muuza mkaa. Binti yake mzima! Kafunga, kaomba, vidonge katupa huko. Wewe unamwomba Mungu huku umeshika kopo la dawa. Sasa Mungu aamini lipi?"

"Wifi, usinichome. Nimeshika pasi."

"Nakuchoma kwa sababu nakupenda. Si imeandikwa kwamba mambo mengine hayatoki ila kwa kufunga?"

Mama Pasi alicheka, akamfukuza kwa kitambaa. Lakini neno lilibaki. Lilimfuata kisimani, likamfuata kitandani. Alipomwekea mtoto kidonge kwenye ulimi, lilikuwa limesimama pale pale: Mungu aamini lipi?

Mwezi uliofuata umoja wa akina mama wa kanisa ulitangaza mfungo mkavu wa siku tatu, bila chakula wala maji. Mchungaji aliutangaza madhabahuni kama anavyotangaza kila mwaka. Hakusema neno kuhusu dawa. Hakuna aliyemuuliza.

Usiku wa kuamkia mfungo, mama alimwita binti yake, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa akilia. "Unaamini Mungu atakuponya?"

"Naamini, mama."

"Utaweza kufunga?"

"Kwani mimi nani nisiweze? Ila nikifungua nataka mayai mawili."

Walikubaliana mtoto anywe maji kila jioni. Kuhusu vidonge, wifi ndiye aliyekata shauri: "Kidonge si maji. Ukimpa, umefungua." Kopo la dawa likapandishwa juu ya kabati, nyuma ya masufuria.

Siku ya kwanza ilipita salama. Siku ya pili ikapita. Kasuku alikuwa mchovu lakini hakuanguka, na mama yake alianza kutembea kama mtu aliyebeba yai. Hakutaka kusema kitu kabla ya wakati.

Siku ya tatu mchana akina mama walikuja kumalizia maombi nyumbani kwake. Walijaa chumbani, viatu vyao vikajaa mlangoni. Katikati ya wimbo Kasuku akaanguka.

Hapa Mama Pasi anaiweka pasi chini. Anaisimamisha kwa kisigino chake, anafunga matundu ya hewa ili mkaa usiungue bure, na ndipo anaendelea.

"Kila mmoja wetu alikuwa anaijua ile habari ya kwenye Injili," anasema. "Yule kijana aliyeletwa na baba yake, aliyekuwa akianguka motoni na majini. Pepo alipomtoka alitikiswa sana, akalala kama maiti, ndipo akawa mzima. Kwa hiyo mwanangu alipotikisika, hatukuogopa. Tulifurahi."

Mmoja alipaza sauti: "Anatoka! Anatoka!" Wakapiga makofi. Degedege lilipotulia, mtoto hakufumbua macho, likaanza tena. Wakaimba kwa nguvu zaidi. Lilipotulia mara ya pili likaanza mara ya tatu. Wifi alikuwa akiruka na machozi yanamtoka. Mama alikuwa amepiga magoti kichwani kwa binti yake, akisema asante, asante, asante.

"Nilikuwa nashukuru," anasema. "Mwanangu alikuwa anakwenda, na mimi nashukuru."

Aliyeukatiza wimbo hakuja kwa ajili ya maombi. Ni muuguzi, mteja wa miaka mingi, aliyekuja kuchukua sare yake ya zamu ya jioni. Aliona viatu mlangoni, akasikia wimbo, akadhani ni furaha. Kisha akachungulia.

"Ameanza saa ngapi?"

"Amepona!" wifi akamjibu. "Yaani ndiyo anapona, dada!"

"Nauliza ameanza saa ngapi! Dawa amemeza?"

Mmoja akasema polepole, "Yuko kwenye mfungo."

Muuguzi hakugombana na mtu. Alimlaza mtoto kwa ubavu, akamfuta povu, akamwegemeza mtoto begani kwa mama upande mmoja, naye akashika upande mwingine, na wakatoka mbio peku. Sare iliyopigwa pasi ilibaki kwenye kamba.

Hospitalini ilichukua muda mrefu kukituliza kile kifafa. Kasuku alikaa siku kadhaa bila kumjua mtu. Alipoamka hakuomba mayai. Hakuomba chochote. Daktari alieleza kwamba dawa ya kifafa haikatwi ghafla, na kwamba mtikisiko ukipita dakika tano bila kukoma, au ukirudi kabla mgonjwa hajapata fahamu, ni wa kukimbizwa hospitali. Ubongo huumia. Wa Kasuku ulikuwa umeumia.

"Atarudi kama zamani?" mama aliuliza.

"Baadhi," daktari akajibu. "Tungoje."

"Lile neno ngoja," anasema Mama Pasi, "nilikuwa nimelichoka kanisani, nikalikuta na huko."

Walipotoka hospitali, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa muuza mkaa. Hakwenda kugombana. Alitaka kumwona huyo binti aliyepona.

Muuza mkaa alikuwa akipima kwa kopo, uso mweusi kwa vumbi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa juu ya gunia.

"Mama, mimi sikusema amepona. Nani alikwambia? Nilisema tu wiki ile alilala vizuri. Walioniuliza hali wakaniambia 'Bwana asifiwe', nami nikajibu 'Amina'. Basi." Akaingia ndani, akatoka na kopo. Akalitikisa. Vidonge vikalia. "Anameza mpaka leo. Jana kaanguka."

Walikaa wawili juu ya gunia. Wateja walikuja, wakaondoka.

Mchungaji naye alikuja nyumbani. Aliketi kwenye benchi, akazungusha kofia mikononi. "Sikuwahi kusema mgonjwa aache dawa," alisema. "Lakini sikuwahi kusema asiache. Nilidhani mnajua." Tangu hapo kila mfungo anapoutangaza, hutaja dawa kwanza, kabla hajataja siku. Mama Pasi anashukuru. Ila anasema ukweli: tangazo hilo humchoma kila akilisikia, kwa sababu ni fupi kiasi hicho, na lingeweza kusemwa siku ile.

Na wifi? Hakuonekana majuma kadhaa. Siku aliyokuja hakusimama mlangoni mkono kiunoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, akaanza kufua.

"Mimi nilitaka apone, wifi," alisema bila kugeuka.

"Najua. Na mimi nilitaka."

Hawajalizungumza tena. Huja kila Jumamosi, anafua, anakunywa chai, anaondoka. Utani umekufa kati yao, na kwa mawifi huo ni msiba wa pekee.

Miezi mingi baadaye, maneno ya Kasuku yalipoanza kurudi moja moja, mama yake alikuwa akimpa kidonge cha jioni. Mtoto alimeza, akamtazama, akaanza kulitafuta neno. Mama akangoja.

"Nilisema... naamini," Kasuku alisema, "kwa sababu... ulikuwa... unalia."

Mama Pasi anasema tangu hapo hajui aombe vipi. Kanisani huenda. Huketi pale pale anapoketi siku zote, huinuka wengine wakiinuka. Watu wanaposhuhudia walivyojibiwa, hupiga makofi. Akirudi nyumbani hulala chali akitazama bati.

"Watu wananiambia Mungu hachelewi. Sawa. Mimi naona amechelewa. Nitasema uongo ili nimtetee? Nikimdanganya na yeye, nitabaki na nani wa kumwambia ukweli?"

Basi anaomba. Zamani aliomba kwa maneno mengi, sasa ana moja tu, analosema wakati mkaa unashika: "Tupo hapa." Siku nyingine halitoki. Siku hiyo hupunga pasi tu, na kuiacha ihesabiwe kuwa ombi.

Je, ana mpango gani? Anafikiri kidogo. Anataka Kasuku arudi shuleni, hata kama ni kukaa nyuma na kusikiliza. Anataka amfundishe kukunja mashati kwa mkono wa kushoto, kola ikae sawa. Kisha anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nataka siku moja aongee mpaka nichoke. Nimwambie, hebu nyamaza. Hicho tu."

Ameomba haya yaandikwe mwishoni, wazi, ili hata aliyeishia darasa la nne ayasome mwenyewe:

Usikatishe dawa ya kifafa kwa sababu ya mfungo. Ukitaka kufunga, funga wewe.

Usiiache dawa hata kama mgonjwa hajaanguka muda mrefu. Muulize daktari kwanza.

Usimtie kijiko mdomoni anayetikisika, wala usimbane mikono. Ondoa moto na vitu vikali, mlaze kwa ubavu.

Usisubiri wimbo uishe. Kifafa kikipita dakika tano, au kikirudi kabla hajaamka, mkimbize hospitali.

Usibebe habari ya mtoto wa mwenzio kabla hujamuuliza mama yake.

Usimwambie mama aliyengoja kwamba imani yake ni ndogo. Hujui anaamka na nini.

Usimuulize mtoto kama anaamini huku unalia.

Usiache kuomba. Mama Pasi anasema hili ndilo gumu kuliko yote, na hawezi kumfundisha mtu namna ya kulifanya.