Uso wa Bi Nyundo Kwenye Templeti

Bi Nyundo hakuzaliwa na jina hilo, alilichuma mwenyewe. Alipoandika kwenye kompyuta alizipiga herufi kama zimemtukania mama yake, mpaka maandishi ya kibodi yakafutika yote, na mgeni aliyeomba kuitumia alibaki kutoa macho. Hiyo sababu ya kwanza. Ya pili, waulize waliowahi kula ngumi yake. Aliyekuwa mume wake alimnyanyulia mkono mara moja tu. Alitoka nyumba ile kifundo cha mkono kinaning'inia, na hakurudi hata kufuata viatu.

Usidhani alikuwa mkorofi. Ugomvi aliletewa nyumbani na mdogo wake wa kiume. Huyo naye alikuwa na jina lake, Kopi, maana tangu darasa la kwanza alikuwa ananakili tu, mpaka siku moja akanakili na jina la mwenzake aliyekaa naye. Kopi alikuwa na kazi moja utotoni: kuwachokoza wakubwa kisha kukimbilia nyuma ya gauni la dada. Dada ndiye aliyerudi mdomo umepasuka. Na nyumbani nako kulikuwa na mama, mwiko mkononi, neno moja mdomoni: weka mkono mezani. Kopi anaweka mkono, anafumba macho, na kabla mwiko haujatua mkono wa dada umeshalala juu ya wake. Mama aliona, akapiga hivyohivyo, maana na yeye alikuwa amechoka. Kidole cha mwisho cha Bi Nyundo kilivunjika siku mojawapo kati ya hizo, kikaunga upande.

Mama alipofariki wakabaki wawili, na ukubwani wakafungua duka la tovuti. Chumba kimoja barabarani, mlango wa kioo, meza mbili, na nyuma ya pazia kichumba kidogo chenye dirisha la nondo linalotazama barabara. Meza ya mbele ilikuwa ya dada, kichumba ni cha Kopi. Wateja wao walikuwa wale wanaouza bidhaa za watu wengine mtandaoni: unaisifia pasi au godoro kwenye tovuti yako, unaweka linki, mtu akibonyeza akanunua, kampuni inakukatia kamisheni yako.

Sasa hapo ndipo ndugu hawa walipokuwa hawapikiki chungu kimoja. Bi Nyundo alijenga kila tovuti kuanzia chini, ukuta mmoja mmoja. Na kabla hajaandika neno alimwambia mteja alete hiyo bidhaa yenyewe. Mteja wa presha kuka alileta presha kuka, na Bi Nyundo akaipika maharage wiki nzima mpaka jirani wakalalamika harufu. Siku moja akaisahau motoni makusudi, akakaa pembeni na kitambaa chenye maji, anasikiliza. Valvu ikapumua, moto ukazimwa, hakuna aliyeumia. Ndipo alipoandika, chini ya picha yake mwenyewe akiwa kaikumbatia ile sufuria: “Mimi mwenyewe natumia nyumbani. Hata ukiisahau motoni, itajipumulia.” Akaandika na ubaya wake pia, kwamba mpini unachoma. Tovuti moja ilimchukua mwezi. Wateja walimnung'unikia, lakini walionunua kupitia ukurasa ule walirudi kununua na vingine.

Kopi alikuwa anamcheka mpaka machozi. Yeye alikuwa na templeti. Ukurasa uleule, leo umeupaka kijani, kesho nyekundu, unabadilisha picha ya bidhaa na linki, mteja anaondoka na tovuti yake kabla chai haijapoa. Dada alimwambia hizo si tovuti, ni sare za shule. Kopi akamjibu kwamba mnunuzi hasomi, anaangalia sura ya anayeuza. Wakabishana, wakanuniana, wakala chakula cha mchana kila mtu kageukia ukuta wake, kesho yake yakaisha. Ndugu wa ziwa moja wataenda wapi?

Siku hiyo ya balaa jua lilikuwa la mchana, mtaa umejaa. Bi Nyundo yuko mezani kwake. Mlango wa kioo haukufunguliwa, ulipigwa teke ukaingia ndani wote, vipande vikamrukia mapajani. Aliyeingia alikuwa mwashi, mikono bado ina saruji, macho mekundu. Mkono mmoja ameshika simu, mwingine ameshika kifuniko cha presha kuka kilichojikunja kama karatasi. Bi Nyundo hakuwahi kumwona maishani mwake. Mwashi alimtazama yeye, akatazama simu, akamtazama tena.

Kisha kifuniko kikatua usoni kwa Bi Nyundo. Alisikia jino likitoka kabla hajasikia maumivu. Akasimama, mkono wake unajua kazi, akamchapa mwashi ngumi ya kidevu iliyomrudisha mpaka ukutani. Mwashi akarudi. Kompyuta ikabebwa ikabamizwa chini, meza ikageuzwa, na kifuniko kile kikawa kinapanda na kushuka, begani, kwenye mkono, kwenye taya. Na kila pigo alikuwa anasema kitu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekariri somo. Pigo la tatu au la nne Bi Nyundo akayasikia maneno, na aliyafahamu. “Hata ukiisahau motoni, itajipumulia,” mwashi alisema. “Hata ukiisahau motoni, itajipumulia.”

Hapo ngumi zilimwishia. Simu ilikuwa imeanguka karibu na goti lake, kioo kimepasuka lakini bado inawaka. Ndani yake, picha yake. Anatabasamu, kakumbatia sufuria. Ila sufuria si ile. Mtu ameikata ile aliyoipika maharage, akabandika nyingine, ya bati jepesi, ya kampuni asiyoijua. Maneno ni yake, herufi kwa herufi. Ukurasa una rangi ya kijani, na chini kabisa anwani ya duka lao.

Akaelewa yote palepale, damu inamtiririka mpaka shingoni. Kopi alichukua ukurasa wake akaufanya templeti. Akabadilisha sufuria, akabadilisha linki, na uso wa dada yake akauacha, kwa sababu uso ule ulikuwa unauza. Mke wa mwashi aliisoma ile ahadi, akaiamini, akaacha sufuria motoni akaenda kuanika nguo. Aliporudi kuifunua, valvu ilikuwa pambo tu, sufuria ikamlipukia. Mwashi alimwambia hayo akiwa amemkaba koo. Uso wote wa mke umeungua, jicho moja halipo, na wanamfunga bandeji akiuliza kama yule dada wa kwenye simu na yeye aliungua.

“Si ile niliyoipika,” Bi Nyundo alitaka kusema, lakini taya halikufunguka, na koo lilikuwa mikononi mwa mtu.

Ndipo sauti ya Kopi ikatoka dirishani, nyuma ya pazia, ikaelekea barabarani. “Mwizi! Mwizi! Anaua mtu!”

Jamani, neno hilo ukilitupa mtaani mchana kweupe huwezi kulirudisha. Walikuja mafundi baiskeli na spana, akaja muuza mkaa na ubao, wakaja na wapita njia wasiojua hata duka linauza nini. Mwashi alitolewa nje kwa miguu, kichwa kikigonga vizingiti. Hakupewa nafasi ya kusema jina lake. Ubao ulimpata kwenye mbavu ukavunjika, wakatafuta mwingine. Mtu alileta jiwe la kujengea, la aina ileile ambayo mwashi alikuwa anaipanga asubuhi, akalinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake.

Bi Nyundo alitambaa juu ya vioo. Kumbuka, hakuwa na deni la huruma kwa mtu yule, alikuwa amemvunja taya dakika hizohizo. Na alijua jambo moja zaidi: akimwokoa, wataulizana nani aliyepiga ukelele, na wakishaulizana hasira ile itatafuta pa kwenda. Akinyamaza, mwashi anakufa na siri inazikwa naye. Akisema, anayekufa ni mdogo wake. Alijilaza juu ya mwashi mwili mzima. Jiwe lilikuwa limeshaachiwa, likampiga yeye mgongoni, kitu kikalia ndani ya mbavu.

Walisimama kwa sababu wanamjua. Alilifungua taya kwa mkono, kama mtu anayefungua droo iliyokwama, akasema kwa damu: “Huyu si mwizi. Mke wake ameungua kwa maneno yangu.”

Muuza mkaa aliuliza, sasa nani aliyeita mwizi. Wote walikuwa na mbao na mawe mkononi bado, na wengine walishaanza kutazama lile dirisha la nondo. Bi Nyundo hakutazama dirishani. Yule mwanamke ambaye hakuandika uongo hata juu ya mpini wa sufuria aliwatazama usoni akasema hajui.

Mmoja mmoja wakatupa walichoshika. Mwashi alikuwa anapumua, jicho limevimba, mkono umegeuka nyuma. Walimpakia kwenye mkokoteni kumpeleka hospitali ileile alikolazwa mke wake, na Bi Nyundo akaambiwa apande naye. Akaonyesha kwa kidole kwamba atafuata. Akaokota kile kifuniko, akaingia ndani, akafungua pazia.

Kopi alikuwa amekaa. Hakuwa amejificha chini ya meza, hakuwa analia. Alikuwa ameinamia kompyuta yake, jasho linamtoka, vidole vinakwenda mbio. Alipomwona dada yake, uso ulivyokuwa, aligeukia pembeni kidogo, halafu akamwambia kwa sauti ya mtu anayetegemea ashukuriwe: “Nimeshakutoa dada. Kwenye zote. Hakuna atakayekufuata tena.”

Bi Nyundo alitazama kioo cha kompyuta. Kweli, hakuwepo. Sufuria ya bati jepesi ilikuwa bado ipo, linki ipo, maneno yapo yote, herufi kwa herufi. Na mahali pa uso wake, kwa haraka, kwa kuwa ndiyo picha ya mwanamke aliyokuwa nayo karibu, Kopi alikuwa amembandika mama yao. Mama marehemu, na kile kitambaa chake cha kichwa, anatabasamu juu ya maneno: “Mimi mwenyewe natumia nyumbani.”

Hakupiga kelele. Kwanza alimwambia afute. Kopi akaanza kueleza kwamba zile ni za wateja, zinaendelea kuingiza kamisheni, wabadilishe tu maneno kidogo. Dada akanyanyua kifuniko usawa wa kifua. Kopi akafuta. Ya kijani, ya nyekundu, ya bluu, na ile ya kwanza yenye templeti yenyewe, kila moja ikiomba paswedi na kila paswedi akiiandika, mpaka kioo kikabaki cheupe. Nje mkokoteni ulikuwa umeshaondoka. Damu ya Bi Nyundo ilikuwa inadondoka juu ya kibodi ya mdogo wake, ambayo herufi zake zote zilikuwa bado mpya.

“Weka mkono mezani,” alisema.

Kopi alimtazama usoni, akaona hatanii. Akauweka, kiganja chini, vidole vimetanuka, vilevile alivyokuwa akiuweka zamani. Akafumba macho, akasubiri ule mkono mwingine uje ulale juu ya wake. Alisubiri kitambo. Akafumbua jicho moja akauona mkono wa dada, wenye kidole kilichounga upande, umeshika kifuniko kwa nguvu pamoja na ule mwenzake, kimeinuliwa juu hewani.

“Dada,” alisema.

Bi Nyundo alikishusha mezani, juu ya ule mkono, pale kilipotakiwa kushuka. Kisha akakichukua tena, akakipangusa kwa gauni, akatoka kwenda hospitali kumwonyesha yule mke wa mwashi uso wake mwenyewe.