Sahihi ya Wifi

Wifi yangu Twaiba hajui kukaa. Akija kwangu hapa Ukunda, chai haijapoa yeye kashainuka, kaenda uani, karudi, kahamisha kiti. Ana miaka thelathini na miwili na anaendesha tuktuk kati ya Ukunda na Diani. Akikosa abiria kwa dakika tano huanza kufuta kioo kisicho na vumbi. Kumtazama tu hunichosha.

Mwezi wa tatu aliwaona watu wakishindana kwa vipikipiki vidogo, vile visivyozidi magoti, kwenye maegesho ya hoteli iliyofungwa. Tangu siku hiyo hana hadithi nyingine. Juzi akaniletea fomu ya mashindano ya Jumapili. Ilitaka sahihi ya ndugu anayekubali kwamba mshindani akiumia au akifa, hashtakiwi mtu. Bila sahihi, hashindani. Mume wangu Abubakar, kaka yake, alikataa. Mama yao, Bi Dama, alisema hawezi kutia sahihi kifo cha mwanawe. Nikabaki mimi, na nilikasirika kwelikweli. Wenye damu yao wameukimbia mzigo, natwishwa mimi niliyeolewa tu?

"Njoo uone kwanza, wifi," alisema Twaiba. "Ukisema hapana, naichana."

Nilikwenda kwenye yale maegesho Ijumaa baada ya swala, na hapana yangu nikiwa nayo tayari.

Mwalimu wao ni Kenga, fundi wa pikipiki. Alinipa ndoo nikaifanya kiti. Twaiba alikuwa amejikunja juu ya kipikipiki, magoti nje, kofia ngumu imemmeza kichwa, nami nikacheka. Kwenye kona ya kwanza mguu wake wa kulia ukatafuta breki. Tuktuk hukanyagwa breki kwa mguu. Kile kidude breki zake zote ni za mkono. Akakanyaga lami, akapinduka. Nilisimama nikimwita jina. Kabla sijamfikia, alikuwa amekiinua na anavuta kamba akiwashe tena.

Kenga alimshika bega. "Lala na kona, Da Twaiba. Ukikaa wima itakutupa."

Sasa mtu aliyekaa wima kwenye tuktuk miaka sita utamwambia vipi alale? Mzunguko wa pili mguu ulimcheza tena. Wa tatu alipunguza mwendo mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Wa nne akaegea, goti likaikaribia lami, nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshapita.

Alipovua kofia alikuwa analia. Nikamuuliza ameumia wapi.

"Sijaumia, wifi. Pale kwenye kona kichwa kilininyamazia. Hujui kinavyonipigia kelele, mchana na usiku, tangu nikiwa msichana."

Kweli sikujua. Miaka tisa nimekuwa nikimwita mwenye kiherehere, tena mbele ya watu, naye akicheka nao. Niliona aibu, na hofu yangu haikupungua hata kidogo.

Nikamwomba Kenga kalamu, nikatia sahihi. Palipoulizwa uhusiano nikaandika dada. Chini yake walitaka nambari ya mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Nikaandika yangu, tarakimu moja moja, kwa sababu kama ni kuitwa, nilitaka niitwe mimi kwanza.