Kadi Aliyoondoka Nayo Baba

Baba alikuwa na koti moja la suti, na kila alipolivaa, kadi yake ya mpiga kura iliingia mfuko wa kifuani, hata kama anakwenda kanisani tu. Alipofariki, mama ndiye aliyemwandalia lile koti. Kadi zao mbili alizitunza pamoja kwenye mfuko wa nailoni. Akachomoa moja, akamtilia kifuani kama alivyopenda mwenyewe, tukamzika pembeni mwa shamba la mahindi, kule Nangara.

Siku ya uchaguzi mama aliamka mapema, akavaa kitenge cha sikukuu. Tangu nikiwa mtoto walikuwa wakienda kupiga kura wawili. Safari hii angekwenda na mimi, na kwa jinsi alivyonihimiza nilijua asingekubali kuikosa. Tukiwa tunakunywa chai, mume wangu, ambaye ni Mkenya, alitueleza kuwa kwao mtu huenda na kitambulisho cha taifa, kisha mashine humsoma kidole. Nikaongeza niliyowahi kusikia kuhusu Australia: huko unataja jina na unapoishi, unapewa karatasi yako. Mama akaweka kikombe chini.

"Kwani huko wanajuana wote?"

Kituoni kwetu ndiko walikojuana wote. Karani, binti wa jirani yetu, alimwamkia mama shikamoo, na mama akamuulizia hali ya nyumbani kwao. Kisha binti akapokea kadi, akaitazama, akashusha sauti.

"Mama, hii ni ya mzee."

Mama akaisogeza karibu na macho. Mimi nilielewa kabla yake. Ya kwake tulikuwa tumeizika.

Hasira zikanipanda. Mtu anajulikana na foleni nzima, halafu anadaiwa uthibitisho kwamba yeye ni yeye. Nikafoka weee, na yule binti akaniacha nimalize. Halafu akasema taratibu kwamba asiye na kadi yake anaruhusiwa kutumia kitambulisho cha taifa, mradi majina yafanane na ya kwenye daftari. Nikapanda bodaboda kurudi nyumbani, njia nzima nikiomba Mungu na hicho kisiwe kimeingia kwenye koti. Nilikikuta kabatini.

Mama akapiga kura yake. Alipotoka nyuma ya kituturi na kupakwa wino kidoleni, alikuwa ametulia kuliko mimi. Binti akamshauri, kwa nia njema kabisa, aombe kadi nyingine kabla ya uchaguzi ujao, aeleze tu kwamba ya kwanza imepotea.

"Haijapotea," mama alisema, huku akiifunga kadi ya baba kwenye pindo la kitenge. "Ninajua iliko. Mwacheni nayo, ina picha yangu."