Pa Kulala Kando ya Ziwa Singida

Mama alianza kutetemeka asubuhi ya siku ya nne tangu tuondoke Kondoa. Alisema ni baridi ya alfajiri, akajifunga kaniki ya pili juu ya ile ya kwanza, akaendelea kutembea. Mimi nilikuwa nyuma yake na niliona anavyochagua pa kukanyaga kama mtu apitaye gizani, ilhali jua lilikuwa limekwisha panda.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba au kumi na minane. Tulikuwa tunakwenda Mkalama. Dada yangu alikuwa ameolewa na askari wa boma la Wadachi huko, na tangu achukuliwe hatukuwa tumemwona. Mama alikuwa amemsumbua baba miezi kadhaa mpaka akapata ruhusa, na baba akatukabidhi kwa jirani yetu mmoja, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka nta na tumbaku upande ule. Msafara wake ulikuwa mdogo, watu kumi tu na mizigo yao. Alikuwa mtu mpole. Njiani alikuwa akitusubiri kila tulipochelewa, na jioni alihakikisha tumepata maji kabla ya wapagazi wake.

Alasiri ile tuliliona ziwa. Kwanza niliona weupe, nikadhani ni ukungu, kumbe ni magadi yaliyoganda ukingoni. Nyuma ya weupe palikuwa na maji ya kijivu, na juu ya maji ndege wengi wa rangi ya waridi, wamesimama kwa miguu yao mirefu, mamia kwa mamia, wameinamisha vichwa. Majabali makubwa yalikuwa yamepangana ufukoni, mengine yamebebana. Sikuwahi kuona mahali pazuri namna ile. Nilimwita mama aangalie, naye akainua uso kwa taabu, akasema ndiyo, anaona.

Tulipopumzika, mama aliinua kibuyu anywe, na kaniki ikateleza shingoni. Yule jirani alikuwa amekaa mbele yake. Nilimwona akiangalia, kisha akageuza macho haraka. Nami nikaangalia. Chini ya taya palikuwa na vipele vinne au vitano, vidogo, vyenye maji.

Jirani aliniita kando. Hakupandisha sauti. Aliniambia kwamba mwezi uliopita kulisikika ndui katika njia ya wapagazi, na kwamba msafara ukifika Mkalama na mgonjwa wa ndui, boma litawazuia wote, na mizigo itachomwa. Alisema ana watoto sita. Aliniambia nitafute nyumba hapa ziwani, mama apumzike, na akipona tufuate njia ile ile, ni mwendo wa siku mbili tatu. Akatuachia mfuko wa unga na kibuyu kimoja cha maji, kwa sababu maji ya ziwa lile hayanyweki. Walipoondoka, hakuja kumuaga mama.

Lazima niseme jambo moja hapa. Mimi nilikuwa nimechanjwa. Mtu wa serikali alikuja Kondoa na kisu chake kidogo, akatupanga mstari, akatukwaruza mikono. Siku hiyo mama alijificha shambani mpaka jua likachwa, na jioni alinicheka kwa jinsi nilivyolia. Sasa nilikuwa nimesimama kando ya ziwa nikilikumbuka kovu langu, na mkono wa mama usio na kovu.

Nilimketisha mama kwenye kivuli cha jabali nikaenda kuomba malazi. Kirangi chetu na Kinyaturu cha watu wa pale vinasikilizana kidogo, na Kiswahili kiliziba mapengo. Nyumba ya kwanza, mwanamke alinisikiliza vizuri, kisha akachungulia nyuma yangu, akamwona mama amejikunja kule chini. Akasema nyumba imejaa. Nyumba ya pili, mzee aliyekuwa akichonga mpini aliniambia kwamba wageni wote wanapaswa kupelekwa kwanza kwa jumbe. Nilimshukuru na nikaondoka, lakini kwa jumbe sikwenda. Jumbe angepeleka habari bomani, na mimi nilikuwa nimesikia wanachofanya na wagonjwa wa ndui: kibanda porini, peke yao, chakula kinaachwa mbali juu ya jiwe.

Nilirudi kwa mama. Jua lilikuwa limeshuka. Nikamfunika kaniki mpaka usoni, kama mwanamke mwenye haya anavyojifunika mbele ya wageni, nikamwambia asiifunue kwa lolote. Hakuuliza kwa nini. Tukapanda taratibu hadi nyumba ya tatu, tembe ndefu ya udongo yenye paa bapa, imezungushiwa uzio wa minyaa.

Mwenye nyumba alitoka mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa rika la mama. Uso wake wote ulikuwa na mashimo madogo madogo, kuanzia paji mpaka kidevuni, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Nilijua ni ugonjwa gani uliomfanya vile, na nilishindwa kumtazama. Nilisalimu nikiangalia miguu yake. Nilisema mama ana homa ya safari, tunaomba mahali pa kulala, unga tunao.

Alimtazama mama alivyojifunika. Kisha akauliza neno moja tu.

"Ana vipele?"

"Hana," nilisema.

Nilijibu upesi mno, hata nikaogopa kwamba ameusikia ule upesi. Lakini alisogea mlangoni akatupisha. Tulipoingia ndipo nikamwona mkwe wake, mke wa mwanawe, ametoka chumba cha ndani na kibuyu cha maziwa. Alikuwa binti wa umri wangu, na mimba yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliweka mkono kiunoni alipotembea. Alinitabasamia. Mumewe, nilikuja kujua baadaye, alikuwa amekwenda kufanya kazi ya kujenga reli.

Wakati ule ningeweza kusema. Mwenyeji wetu alikuwa akitandika ngozi ya ng'ombe juu ya kitanda cha miti, kitanda chake mwenyewe, na alikuwa amenipa mgongo. Ningesema maneno mawili tu. Niliangalia mlango, nikaangalia mama, nikairudisha kaniki vizuri usoni pake.

Asubuhi alikuja na uji wa uwele uliotiwa maziwa. Alipiga magoti kumnywesha mama kwa sababu mikono ya mama ilikuwa ikitetemeka, na kaniki ikaanguka. Vipele vilikuwa vimepanda usoni, vimeshuka kifuani. Mwenyeji wetu hakushtuka. Alikiweka kibuyu chini. Alishika mikono ya mama akaigeuza, akaangalia viganja kwa muda mrefu, kisha akafunua miguu akaangalia nyayo. Halafu akasimama akatoka nje.

Nilimsikia akizungumza na mkwe wake kwa sauti ya chini. Nilipochungulia, yule binti alikuwa tayari anapanda njia ya kati ya majabali na furushi la nguo kichwani, anakwenda kwa wazazi wake. Mwenyeji wetu alimwangalia mpaka alipopotea. Aliporudi ndani, alisimama mbele yangu.

"Jana nilikuuliza," alisema.

Niliangalia miguu yake tena.

"Watoto wangu wawili walifia ndani ya nyumba hii kwa ndui. Mimi nikabaki. Mtu aliyekwisha ugua haugui tena. Ungeniambia kweli, mama yako angelala pale pale alipolala, na yule binti angeondoka jana hiyo hiyo, kabla hajavuta pumzi moja na ninyi. Ulidhani nitawafukuza?"

Nilisema ndiyo, nilidhani hivyo.

"Basi hukuniangalia usoni," alisema, akachukua kibuyu akaendelea kumnywesha mama.

Siku zilizofuata alinisemesha kwa kazi tu: leta kuni, toa majivu, osha kibuyu. Mkwe wake hakutajwa. Kila asubuhi uji ulikuwa tayari, wa mama na wangu, umefunikwa kwa ungo, na sikuwahi kumkuta akila wa kwake. Maji nilichota kisimani saa za mchana kweupe, wakati wanawake wengine hawapo, ili nisikutane na mtu. Nikiwa kisimani niliweza kuliona ziwa lote, na wale ndege wakihama upande mmoja kwenda mwingine kama kitambaa kinachokunjwa. Niliwachukia kwa uzuri wao. Nilihesabu moyoni: siku ngapi tangu yule binti aondoke, siku ngapi mpaka ugonjwa ujitokeze kwa mtu. Mwenyeji wetu aliniambia ni karibu wiki mbili. Kila mtu aliyepita njia ile ya majabali nilidhani ameleta habari ya msiba.

Siku ya tatu jumbe alikuja. Alisimama nje ya uzio wa minyaa, mbali, akauliza kwa sauti ni mgonjwa gani aliyemo ndani. Mwenyeji wetu alitoka akamjibu kwamba ni mgeni wake, ana upele, bado haujajulikana ni upele gani, na kwamba akitaka kuhakikisha aingie aangalie. Jumbe hakuingia. Alisema atangoja siku tatu nyingine, na kukitokea mgonjwa wa pili atatuma mtu bomani siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Niligundua kwamba nimeuma ukingo wa kaniki yangu mpaka umelowa.

Kila siku mwenyeji wetu aliangalia ngozi ya mama kwenye mwanga wa mlango. Siku ya tano aliniita niangalie naye. Alinionyesha bega la mama, palipokuwa na vipele vilivyokauka, na karibu yake vingine vilivyojaa maji, na vingine vyekundu ndiyo kwanza vinachipuka. Aliniambia ndui haiji hivyo, ndui huiva yote kwa pamoja, na hukaa viganjani na nyayoni, na viganja vya mama vilikuwa safi.

"Si ndui," alisema. "Ni tetekuwanga."

Nilikaa chini pale pale nikalia. Aliniacha nilie, kisha akaniambia uji wa mama unapoa. Jumbe alipopelekewa habari hiyo, hakurudi tena.

Nilidhani hofu ingeishia hapo, lakini hata tetekuwanga si salama kwa mwenye mimba, na hilo alilijua kuliko mimi. Akakaa nami nyumbani bila kwenda kumwona mkwe wake, asije akampelekea ugonjwa katika nguo zake. Siku ya nane mwanamke mmoja alifika kwenye uzio akapaza sauti: mkwe amejifungua kwa wazazi wake, mtoto wa kike, wote wazima. Alikuwa mjukuu wa kwanza wa nyumba ile. Mwenyeji wetu alikuwa amekwisha tayarisha ngozi laini ya kumpokelea mjukuu wake, niliiona imening'inizwa kwenye nguzo tangu siku ya kwanza. Alishukuru kwa sauti, akauliza kama mtoto ana nywele. Yule mwanamke akajibu kwamba anazo nyingi. Basi akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda, akachambua uwele mpaka jioni.

Mama alipopata nguvu nilimweleza yote, kwa sababu siku za homa hakuelewa mengi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Usiseme ulifanya kwa ajili yangu," alisema. "Uliogopa. Mimi ningemwambia."

Tuliondoka siku ya kumi na tatu pamoja na watu waliokuwa wakipeleka chumvi Mkalama. Mpaka siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameugua. Nilijaribu kumwomba mwenyeji wetu radhi pale mlangoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno, lakini yalitoka ovyo, nusu Kirangi nusu Kiswahili. Alisikiliza kidogo, kisha akasema, "Nenda, mwanangu. Mama yako anachoka kusimama." Lakini alisema mwanangu, na neno hilo nililibeba njia nzima.

Dada tulimkuta mzima. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na makovu mawili tu kwenye paji la uso. Mimi niliolewa Dodoma mwaka reli ilipofika, na sikurudi tena upande wa Singida. Mara moja tu nilipata mtu wa kumtuma, muuza chumvi aliyekuwa akipita kule ziwani. Nilimpa kaniki mpya, nikamwelekeza tembe, uzio wa minyaa, mwanamke mwenye jicho la ukungu. Miezi mingi baadaye alirudi akasema aliifikisha kwenye nyumba hiyo. Nilimuuliza aliipokea nani. Alisema ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mtoto mkubwa wa kutosha kutembea mwenyewe, lakini yeye muuza chumvi alikuwa na haraka, na uso wa mwanamke huyo hakuuangalia, hata asijue kama ni bibi wa mtoto au mama yake.