Kosa la Elfu Tisa

Baba yangu alitengeneza mageti ya chuma mtaani kwetu Cibitoke, na darasa letu la hesabu lilikuwa geti lolote ambalo halijapakwa rangi. Alitaja namba mbili kubwa za kuzidisha, akashika chaki, mdogo wangu wa kiume naye akashika yake, kila mmoja na upande wake wa geti. Simu za kupigia hesabu zilikuwepo, lakini mtihani wa taifa uliomngoja mdogo wangu haukuruhusu simu. Majibu yakitofautiana, mdogo wangu alipigwa. Mkono wa baba ulikuwa mzito, na daktari alikuwa ameshatuonya: mtoto huyu akipigwa tena sikio la kushoto, halitasikia.

Siku za hesabu nilimchukia baba. Ninaliandika hilo hivyo hivyo, sina haja ya kulipamba.

Jumamosi hiyo alitaka 4738 mara 596. Mdogo wangu akapata 2823848. Baba akapata 2832848.

"We umekosa," baba akasema.

"Apana, papa. Nimefanya pruvu."

Pruvu ya tisa, njia ya kuhakiki jibu, ndiyo kitu pekee cha shule kilichombakia baba, na aliiamini kuliko macho yake. Unajumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja: ya kwanza inatoa nne, ya pili mbili, nne mara mbili, nane. Jibu nalo lazima litoe nane. La mdogo wangu lilitoa nane. La baba pia lilitoa nane.

"Yangu iko sawa," baba akasema. "Basi yako ni ya uongo."

Akaanza na ngumi ya mbavu. Kichwa cha mdogo wangu kikagonga chuma, geti zima likatikisika. Nikapiga kelele asiguse sikio. Akanisukuma, nikaangukia vipande vya nondo, goti likapasuka. Kisha kofi, upande wa kushoto, kwa nguvu zake zote. Damu ikatoka sikioni ikashuka shingoni, na mtoto bado ameshika chaki.

Nilitamani kumuua baba. Badala yake nilimnyang'anya chaki, nikachukua namba yake, nikatoa ya mdogo wangu, pale pale juu ya chuma. Ikabaki elfu tisa.

"Papa, umegeuza nafasi za mbili na tatu," nikamwambia. "Ukigeuza chifre, jumla inabaki ile ile, na tofauti inagawanyika kwa tisa siku zote. Pruvu yako haiwezi kuona ile kosa. Rudilia."

Akarudia taratibu, midomo ikicheza. Akapata namba ya mdogo wangu. Akaifuta yake kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza nikamwona baba ameona haya. Akamwinamia mwanawe upande wa sikio lile la kushoto, akasema kwa sauti ya chini:

"Unisamehe, mutoto wangu."

Mdogo wangu aliendelea kulitazama geti. Baba alidhani amenuna, akasimama pale akisubiri ajibiwe. Hakuwa amenuna.