Wanawake wa Isenga na Treni ya Saa Tatu

"Futa hapo! Futa, karani, kabla sijakufutia mwenyewe."

Elieza Mahona aliinua kalamu, asijue aifiche au ajikinge nayo. Alikuwa ametumwa kutoka Tabora kuwauliza watu wanasafiri kwa namna gani na kwa nini, na kosa lake lilikuwa kusoma kwa sauti alichokiandika. Mbele ya jina la Nyamizi, Mama Eustadia, alikuwa ameandika: Hutembea kwa miguu. Sababu: anaogopa treni.

"Mimi naogopa treni?" Nyamizi aliwageukia wanawake wenzake waliokuwa wakipanga mafungu ya michembe na karanga kando ya reli. "Jamani, mnasikia? Mimi niliyezaliwa reli inatandikwa hapa! Baba yangu alibeba pembe za ndovu toka Ujiji hadi pwani, simba anamnusa kisogo. Leo bintiye aogope kitu kinachopiga honi kabla hakijafika?"

"Basi mama, nipe sababu ya kweli. Toka hapa Isenga mpaka Tabora ni maili ishirini, na treni inasimama mlangoni pako. Unatembea kwa nini?"

"Kwa sababu nina miguu."

"Hiyo haimo kwenye fomu."

"Itie."

Haikutiwa. Fomu ilikuwa na sababu nne tu, zilizofikiriwa Dar es Salaam na bwana mmoja ambaye inaaminika hajawahi kutembea hata maili tatu pasipo mtu wa kumbebea kiti. Sababu zenyewe zilikuwa nauli, muda, mzigo na hofu. Nyamizi alikwisha kusema nauli anayo. Muda, kwenda sokoni kwa miguu kulimlia siku nzima na kurudi siku ya pili. Mzigo, shingo ilikuwa inamuuma. Ikabaki hofu, na karani ni mtu wa kuheshimu kinachobaki.

Mwaka huo ulikuwa wa hamsini na moja. Treni ya kutoka Kigoma ilisimama Isenga saa tatu asubuhi, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, dakika kumi. Katika dakika hizo kumi Nyamizi alikuwa amesomesha watoto wawili. Tangu mumewe afariki, nyumba yake iliezekwa, ikavishwa na kulishwa na michembe ile, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, iliyopitia madirisha ya daraja la tatu. Sasa tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani: watu watahesabiwa wiki mbili, na kama haitapatikana hata siku moja yenye abiria kumi wa kupanda Isenga, treni itakuwa inapita bila kusimama.

Abiria walikuwa watatu. Siku nyingine wanne, wote wanaume. Wanawake, kila siku ya soko, waliondoka alfajiri na vikapu kichwani wakashika ile njia ya kale ya misafara, inayokwenda sambamba na reli kama mke mkubwa na mke mdogo. Treni ikawapita njiani. Wakaipisha na kuipa mgongo.

Kuipa mgongo ndiko kulikokuwa na habari yote, ila Elieza alikuwa akitazama fomu.

Mkata tiketi wa treni ile aliitwa Wenceslaus, kijana mrefu mwenye kofia ya reli na soksi zilizopandishwa mpaka magotini. Miaka minne nyuma alikuwa amemwoa Eustadia, binti wa Nyamizi, kanisani, kwa harusi ya maua. Na mkwe, kwa desturi ya Wanyamwezi, hatazamani na mama mkwe. Wakikutana njiani mmoja huingia porini. Wala mama mkwe si mmoja: ukioa binti umejiolea na dada za mamaye, na binamu zake, na hata jirani aliyenyonya naye ziwa moja. Wenceslaus, kwa harusi moja, alijipatia mama wakwe kumi na mmoja, wote wa Isenga. Mtu atakaaje ndani ya behewa, goti kwa goti, akingoja mkwewe aje amsimamie mbele aseme, "Lete tiketi"?

Dawa ilikuwepo. Mkwe hutoa jembe, jembe la kufungua uso, likapelekwa kwa mkono wa mshenga. Likishapokelewa, watu wanaweza kukaa chini ya paa moja, mradi macho yawe na adabu. Lakini mshenga, Mzee Raymundi, alifariki wiki tatu baada ya harusi, na ndugu za Wenceslaus kila mmoja alisema mwenzake ndiye atakayekwenda. Jembe halikuja. Nyamizi akasema moyoni kwamba kijana ana mkono wa birika, akanyamaza, maana ukimtangaza mkweo umemvua nguo binti yako. Angeiweka vipi aibu hiyo kwenye fomu ya Serikali?

Basi michembe aliiuza kinyumenyume. Treni ikifika, alijifunika khanga, akaupa dirisha kisogo na kupitisha mafungu juu ya bega. Abiria wa Kigoma walidhani ndiyo heshima ya hapo, wakawa wanapokea kwa mikono miwili.

Siku za hesabu zilipobaki mbili, Leonia, mdogo wake, alimjia juu.

"Dada, treni inaondoka na riziki zetu. Tumetembea miaka minne kwa ajili ya jembe lako."

"Jembe langu? Mimi ndiye nisiyelitoa?"

"Wewe ndiye uliyemtoa binti kwa mtu wa soksi. Mimi wangu nilimtoa kwa mkulima. Jembe lilifika kabla ya posa!"

"Na mkulima mwenyewe mbona hajafika shambani mpaka leo?"

Wanawake walicheka, lakini Nyamizi hakulala vizuri. Alhamisi asubuhi alimfuata Elieza aliyekuwa akichonga penseli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni Mmoraviani, si wa kanisa letu?"

"Ndiyo, mama."

"Huna undugu hapa?"

"Sina."

"Mke unaye? Watoto?"

"Wanne." Elieza alianza kuhisi kwamba siku hiyo anayejaza fomu si yeye.

"Basi unafaa ushenga. Treni ikija, ingia ndani. Mtafute mtu wa kofia. Jina lake silitaji. Mwambie: Mama wa nyumbani kwako anauliza, Mzee Raymundi alikufa na jembe au alikufa peke yake?"

Ndipo alipomweleza yote, kwa sauti ya chini, akitazama reli. Elieza alisikiliza kalamu ikiwa sikioni. Kwa mara ya kwanza tangu afike Isenga hakuandika neno, na kwa mara ya kwanza alielewa.

Treni ilifika. Aliingia, akakaa muda wa kumtia Nyamizi joto, akatokea behewa la mizigo akiwa na jembe jipya lililofungwa kwa kamba, na karatasi ikining'inia: Mama Eustadia, Isenga, 1947.

"Anasema," Elieza alihema, "amelibeba tangu mwaka ule. Kila akishuka akupe, mnakimbia. Hana mshenga, mkewe haruhusiwi kulibeba, na mwenyewe hawezi kukufuata porini. Limekwenda Kigoma na kurudi kama mara mia sita."

Nyamizi alilipokea, akalipima uzito mkononi. Hakuna mtu wa Isenga aliyesafiri kama jembe lile, tena bila tiketi.

"Miaka minne," akasema. "Mimi namkimbia kwa sababu hajalipa, yeye halipi kwa sababu namkimbia. Na nyie mnatuuliza habari za nauli!"

Elieza aliandika kwenye safu ya mizigo: jembe moja.

Jumamosi, siku ya mwisho ya hesabu, wanawake kumi na mmoja walipanda treni ya saa tatu, na wanaume watatu nyuma yao wakilalamika kwamba hakuna nafasi. Ripoti ilipotoka mwaka uliofuata, ilisema wanawake wa Isenga, kwa kuelimishwa na tangazo, wameishinda hofu yao ya mwendo kasi. Elieza alikuwa ameandika kurasa mbili juu ya jembe, lakini bwana wa Dar es Salaam alizikata akisema haziingii katika sababu nne. Ikashauriwa libandikwe tangazo kubwa zaidi. Likabandikwa. Nyamizi hakujua kusoma, lakini alilisifu sana: lilimkinga na jua.

Hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile, behewani, khanga kumi na moja zilishuka usoni kwa pamoja Wenceslaus alipotokea mlangoni. Alikuja polepole, macho yakiwa darini.

"Shikamoo, mama," akaliambia dari.

"Marahaba," Nyamizi akalijibu dirisha, akanyoosha tiketi pembeni. Ikatobolewa. Kijana hakuondoka.

"Karani," Nyamizi akamwita Elieza, aliyekaa mbele yake akirudi Tabora na makaratasi yake. "Mwambie mwenye kofia jembe nimelipokea. Lakini huko kwetu jembe la mkwe huja na mpini. Hili limekuja kichwa kitupu."

Elieza akamgeukia Wenceslaus, aliyesimama hatua moja kutoka hapo. "Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama mpini ulikuwepo. Uliliwa na mchwa Kigoma, mwaka juzi."

Leonia aliangua kicheko chini ya khanga, na behewa zima likamfuata. Nyamizi aliangalia nje. Njia ya misafara ilikuwa inakimbia kando ya reli, nyeupe, tupu, haina hata nyayo moja ya asubuhi ile. Akajipapasa goti.

"Mwambie mpini nimemsamehe," akasema. "Nikimdai, nao utazunguka miaka minne."